Nyuki Waliopanda Bodaboda

Watu wa Kibondo wanasema nina mdomo. Sawa, ninao. Lakini nisingekuwa nao, Reverien wa Busunzu leo angekuwa anashikwa mkono kupelekwa chooni, kwa hiyo wanaolalamika wakalalamikie mbele huko. Mimi ni Mwanaheri, mzaliwa wa Pangani. Mume ndiye aliyenileta huku milimani, naye akatangulia mbele ya haki, nikabaki na binti yangu Firdausi na duka la asali karibu na stendi. Kwa miaka kumi na tisa asali yangu nzuri kuliko zote imetoka kwa bwana mmoja mrefu, mwembamba, mkimya, mwenye jicho moja.

Hilo jicho lina historia yake. Wazazi wa Reverien walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, hana hata meno. Baba yake hakuja na kitu zaidi ya ujuzi wa nyuki, na ujuzi huo akampa mwanawe mapema. Siku moja, Reverien akiwa na miaka kumi na mmoja, alipanda mti kurina asali, kijiti kikamchoma jicho la kushoto. Walilifukiza majani, wakalikanda, wakaliombea, halikuona tena. Ukimwuliza habari za siku ile atakwambia alishuka na masega mawili mazuri sana, meupe, yamejaa. Habari ya jicho ataimaliza kwa sentensi moja, habari ya masega utachoka wewe kusikiliza.

Sasa ana miaka hamsini na minane, uraia wake uko kwenye bahasha chini ya godoro, mizinga yake sitini iko kwenye msitu wa miombo wa Busunzu, na mke wake Esteri ana sauti ya kwanza katika kwaya. Binti yao Divine anafundisha shule ya msingi Kasulu. Na hilo jicho la kulia lililobaki, jamani, lilikuwa linafanya kazi ya macho manne. Atasimama bondeni aangalie mti ng'ambo ya pili, aseme, "Ule mzinga wa tatu wameanza kuingia na chavua." Mimi nikiangalia huko naona mlima tu. Nilizoea kumwambia, "Baba Divine, wewe usije ukamkonyeza mtu, utaanguka gizani." Yeye hucheka kwa mabega, mdomo haufunguki.

Kuna desturi yao moja lazima uijue, maana ndiyo nusura imwangamize. Kwa warina asali wa kijijini kwake, ukiona kundi la nyuki lililohama linatafuta makao, husemi. Humwambii jirani, humwambii mchungaji, humwambii hata mke. Ukisema, jirani atatundika mzinga wake karibu na wako, au nyuki wenyewe watakasirika waende zao, hivyo ndivyo wanavyoamini. Unachofanya ni kuchukua mzinga mtupu, kuupaka nta ndani, kuutundika mahali pazuri, na kufunga mdomo mpaka waingie. Mimi nisingeweza ufugaji huo hata nyuki wangekuwa wanatoa dhahabu.

Basi, mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, vumbi kila mahali. Alhamisi asubuhi Reverien akashuka kwenye bodaboda mbele ya duka langu na ndoo mbili. Nikamkaribisha kwa maneno yangu ya siku zote, akaketi kwenye benchi. Nikaona anapunga mkono mbele ya uso. Akatulia. Akapunga tena.

"Unafukuza nini?" nikamwuliza. "Dukani kwangu hakuna nzi. Nimepiga deki mara mbili tangu alfajiri."

"Si nzi," akasema.

"Ni nini?"

Akageuka kutazama mlango, akasogeza benchi karibu na kaunta, akaweka kidole mdomoni. "Ceceka, Mama Firdausi." Hilo ni neno lao la kumnyamazisha mtu, na mimi ndiye niliyelisikia kuliko binadamu yeyote wilayani. "Ni nyuki. Lakini nyamaza."

Nikatazama juu, nikatazama chini, nikatazama nyuma ya madebe. Hakuna nyuki.

"Nyuki gani?"

"Kundi. Linatafuta makao. Siku ya nne leo linanizunguka. Nimeshatundika mzinga mpya nyuma ya jiko, nimeupaka nta, lakini hawataki kuingia. Wananifuata tu."

"Wamekufuata mpaka hapa? Kutoka Busunzu?"

"Ego," akasema, ndiyo ya kwao.

"Na bodaboda?"

Akafikiri. "Ego. Hata njiani walikuwepo."

Nikacheka, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika kaunta. Nikamwuliza kama wamelipa nauli, na kama dereva aliwapa helmeti. Naye, maskini, akacheka kwa mabega, kisha akapunga mkono tena, na nikaona kitu ambacho hakikunichekesha. Alikuwa akiwafuata kwa jicho. Jicho likienda kulia, wao wanakwenda kulia. Akilirudisha, wanarudi nyuma yake kwa kuchelewa kidogo. Hakuna mdudu wa hivyo.

"Esteri anasemaje?" nikamwuliza.

"Sijamwambia. Nimwambieje, na hawajaingia bado? Ananuna tu. Nyumba nimeifukiza moshi siku mbili wapate kutulia, nguo zake za kwaya zinanuka. Halafu nimemwambia ateremshe kioo ukutani kwa sababu ya radi, akaniuliza radi gani mwezi wa saba."

"Radi gani mwezi wa saba?" na mimi nikauliza.

"Inamulika pembeni. Huku kulia. Haina ngurumo. Nikigeuza kichwa haraka ndiyo inamulika sana."

Milima hii radi tunaijua, inaua watu na ng'ombe, hakuna wa kuifanyia mzaha. Lakini nje jua lilikuwa linachoma na mbingu haina hata kipande cha wingu. Kicheko kikanikauka. Nilimkumbuka kaka yangu Badru kule Tanga. Badru ana kisukari kama mimi. Siku moja alituambia anaona wino unamwagika ndani ya jicho, lakini hakuna maumivu, basi akaona si kitu. Akasema asubiri Ramadhani iishe. Ikaisha, akasema sikukuu ipite kwanza. Alipofika kwa daktari bingwa aliambiwa angekuja siku ile ya wino. Sasa Badru anatambua wajukuu zake kwa kuwapapasa vichwa, na mimi kila nikikumbuka nasikia hasira na huzuni kwa pamoja.

Nikazunguka kaunta nikasimama mbele ya Reverien. "Funga jicho," nikamwambia.

"Lipi?"

"Unalo lingine? Funga."

Akafunga.

"Nyuki wako wapi?"

"Hawapo."

"Na radi?"

Akaukunja uso wote kwa nguvu, akageuza kichwa huku na huku. "Radi ipo."

"Baba Divine, ni radi gani inayopiga ndani ya kope?"

Akafungua jicho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona mtu yule ameogopa. Nikamwambia asimame, tunakwenda hospitali. Akasema asali haijapimwa. Nikamwambia asali haiozi, asimame. Akasema leo jioni anarina mizinga mitano, ameshaandaa kila kitu, aende kwanza arine halafu Jumatatu atakuja, kwani haliumi hata kidogo. Hapo ndipo nilipotumia ule mdomo wanaoulalamikia. Yaliyotoka siyaandiki hapa. Wenye maduka ya jirani walitoka nje kusikiliza, na Reverien akaona heri aende hospitali kuliko kubaki pale.

Kwenye benchi la kliniki ya macho tulikaa wawili, upande wake wa kulia hakuna mtu. Mara akavuta miguu yake ndani, akisema, "Pita tu, ndugu." Nikatazama. Hakuna aliyepita. Baada ya muda akavuta tena.

"Unampisha nani?"

"Huyu aliyesimama hapa pembeni chini," akasema, akinyoosha mkono kulia. "Kivuli chake kimekaa muda mrefu."

Sikungoja zamu. Niliwaomba radhi wote waliotutangulia, nikagonga mlango wa Venanti, mtabibu wa macho, kijana wa kijiji cha Kitanga mwenye upole wa kuudhi. Nikamwambia: nyuki siku nne, radi ndani ya kope, na sasa kuna mtu pembeni ambaye hayupo. Venanti hakucheka. Akaacha kuandika, akamwita Reverien ndani papo hapo.

Alimtia matone ya kupanua mboni. Tukasubiri, mboni ikawa kubwa. Akaingiza mwanga, akamwambia atazame juu, chini, pembeni, akakaa kimya muda mrefu kiasi kwamba hata mimi nikanyamaza. Kisha akavuta kiti.

"Mzee wangu," akasema, "nyuma ya jicho lako kuna utando mwembamba unaitwa retina. Ndio unaopokea picha ya kila unachokiona. Mbele yake kuna ute, na umri ukisogea ule ute unasinyaa na kubanduka. Kwa watu wengi unabanduka salama, wanaona vidoadoa kidogo, basi. Kwako umevuta retina ukaichana. Wale nyuki ni uchafu na damu kidogo vinavyoelea ndani. Ile radi ni retina inavutwa. Yenyewe haijui kulalamika, inajua kumulika tu. Na huyo mtu wa pembeni ni sehemu ambayo retina imeanza kubanduka kutoka ukutani. Huko hakuna picha tena."

"Lakini haliumi," Reverien akasema, kama anayejitetea mahakamani.

"Retina haina maumivu. Ingekuwa inauma, ungekuja siku ya kwanza. Siku ile ungekuja, pengine ufa ungezibwa kwa mwanga wa leza na ungerudi nyumbani. Sasa ni upasuaji, na mimi siufanyi hapa, unafanywa na bingwa wa retina Mwanza. Kivuli hakijafika katikati. Kikifika katikati, hata ukipasuliwa vizuri, hutaona kama zamani. Unasafiri kesho alfajiri."

"Jumatatu," Reverien akasema. "Nina mizinga mitano."

Venanti akamfunika lile jicho zuri kwa kiganja chake. Reverien akabaki ameketi na jicho lake bovu limefumbuliwa, linatazama mahali pasipo kitu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mana yanje, Mungu wangu. Kesho."

Tulipokuwa tunatoka Venanti akaniita. "Na wewe, Mama Firdausi. Kadi yako ya kisukari inasema uje kupimwa macho kila mwaka kwa haya haya matone, hata kama unaona vizuri. Mara ya mwisho ni lini?"

"Leo tumekuja kwa ajili ya Baba Divine," nikamjibu. "Tusichanganye mambo." Nilikuwa na mgonjwa wa kushughulikia, na isitoshe mimi naona vizuri. Taa ya dukani tu ndiyo ilikuwa imefifia siku hizo, nilishamwambia fundi mara mbili.

Esteri alikuja mjini jioni ile na begi, hajui kama anune au alie, akafanya vyote. Aliposikia habari ya nyuki akamtazama mumewe. "Siku nne! Umenifukizia sketi kwa ajili ya nyuki walio ndani ya kichwa chako, na huniambii!"

"Mtu haambiwi habari ya kundi," Reverien akasema.

"Mimi si mtu, mimi ni mke wako!"

Basi la alfajiri likawachukua. Wiki iliyofuata nilipiga simu Mwanza kila siku, na kila siku Esteri alinipa taarifa. Alipasuliwa Jumamosi. Daktari alitoa ule ute, akairudisha retina ukutani, akaziba ufa, akajaza jicho gesi ili iikandamize mpaka ishike. Na kwa kuwa gesi hupanda juu siku zote, mgonjwa lazima aelekeze uso chini ili imkandamize nyuma panapotakiwa. Siku kumi. Kulala kifudifudi, kula ameinama, kuswali, yaani kusali kwao, ameinama.

Fikiria mtu aliyeishi maisha yake yote akitazama juu ya miti. "Nimeshaijua sakafu hii," akaniambia siku ya sita, sauti ikitoka ndani ya mto wa kulalia. "Kuna sisimizi wana njia yao karibu na mguu wa kitanda. Wana bidii, lakini hawafikii nyuki."

"Unaona nini kingine?"

"Maji. Kama nimezama nusu. Daktari anasema ndiyo gesi."

Kilichomkera zaidi ni jambo lingine. Daktari alimwuliza kwao ni wapi, na alipotaja Kibondo akaulizwa kama kuna milima. Reverien kwa majivuno akaisifu milima yote mmoja mmoja. Daktari akamwambia basi haruhusiwi kurudi mpaka gesi iishe kabisa, kwa sababu ukipanda juu gesi huvimba, na ikivimba ndani ya jicho italiharibu kwa presha. Ndege hata asiitamani. Ikabidi akae kwa mjomba wa Esteri wiki saba, mizinga imeiva na yeye hayupo. "Ningemwambia natoka bondeni," akanilalamikia. Nikamwambia angethubutu ningepanda bodaboda mimi mwenyewe nimfuate, kama wale nyuki wake.

Wiki saba zile sikulala vizuri. Nasema wazi. Esteri alikuwa anasema jicho linaona, lakini anaona nini, kiasi gani, hakujua kunieleza, na Reverien mwenyewe ukimwuliza alisema, "Tutaona." Nilianza kujilaumu kwa dakika zile nilizocheka pale dukani. Nilijiuliza kama mtu anaweza kurina asali kwa kupapasa.

Walirudi mwezi wa tisa, mvua za kwanza zikinukia. Nilifunga duka, jambo nisilolifanya hata kwa sikukuu ya wakulima, nikaenda nao Busunzu. Divine alikuwa akija kutoka Kasulu kila mwisho wa wiki kulinda nyumba, akatupokea barabarani akilia na kucheka. Reverien alikuwa na miwani mipya na amekonda. Akatembea polepole kuzunguka nyumba yake, anagusa ukuta, anatazama juu. Tulipofika nyuma, akasimama. Jiko lilikuwa mbali, ng'ambo ya migomba, na nyuma yake mti wenye ule mzinga alioutundika kwa ajili ya nyuki wasiokuwepo.

Akaweka kidole mdomoni.

"Ceceka," akasema.

"Baba Divine. Umeanza tena?"

"Nyuki. Wanaingia mzingani."

Nikatazama. Niliuona mti, tena kwa ukungu wa jioni. Mzinga niliubahatisha. Nyuki hakuna hata mmoja. Machozi yakanijia hapo hapo, maana niliona safari yote ile, siku kumi za kutazama sakafu, wiki saba za ugenini, vyote vimekwenda bure.

"Funga jicho," nikamwambia.

Akafunga, mtu mtiifu.

"Wapo?"

"Siwaoni. Lakini nawasikia." Akalifungua. "Wengi. Wanatoka kushoto. Pembeni mti unapinda kidogo, daktari alisema utapinda, lakini nyuki nawaona. Wanabeba chavua ya njano."

Nikamgeukia Divine nisaidiwe. Divine alikuwa anatabasamu kwa uso mzima.

"Ni wa kweli, Mama Firdausi," akasema. "Waliingia wiki ya tatu baba akiwa Mwanza. Niliwaona, sikumwambia mtu."

"Hata mimi hukuniambia!" Esteri akapiga kelele.

"Mtu haambiwi habari ya kundi," Divine akasema.

Waliruka, wakakumbatiana, Esteri akaanza wimbo wa shukrani kwa ile sauti ya kwanza. Mimi nilikuwa bado natazama mti. Nilipepesa macho, nikayafuta machozi, nikatazama tena. Ukungu. Ndipo nikakumbuka kwamba haikuwa jioni. Ilikuwa saa nane mchana, jua liko kichwani.

Reverien akaacha kucheka. Alinitazama kwa lile jicho lake, akaangalia mti, akanirudia.

"Mama Firdausi," akasema, "wewe huwaoni?"

Nilitafuta neno la utani, sikulipata.

Kwenda kwa Venanti nilitaka iwe Jumatatu, haikuwa Jumatatu. Ilikuwa kesho yake asubuhi. Reverien alitoka Busunzu mapema, akanikuta nafungua duka, akafunga mlango niliokuwa nimeufungua. Nilimwambia kuna wateja wa Kasulu wanakuja. Akasema asali haiozi. Nikamwambia hakuna panapouma. Akasubiri tu mpaka nikasikia mwenyewe nilichosema, nikachukua mtandio wangu.

Sasa naandika haya siku tatu baadaye, kwa herufi kubwa. Venanti aliona mishipa ya retina inavuja macho yote mawili, kwa sababu ya sukari, taratibu na bila kelele, kwa muda ambao mimi nilikuwa namlaumu fundi wa taa. Barua ya Mwanza iko mkononi, basi linaondoka kesho. Alisema sijachelewa kama Badru. Alisema pia kwamba ningekuja mwaka juzi tungezungumza habari nyingine, na mimi sikubishana naye.

Ila nakumbuka zaidi lile benchi. Matone yalikuwa yananichoma, dunia imekuwa mwanga mtupu, naogopa, na upande wangu wa kulia Reverien amekaa kimya kama kawaida yake. Nikamwambia kwamba kama nitapofuka, sitamwona tena akicheka kwa mabega.

"Funga macho," akasema.

Nikayafunga.

"Unanisikia?"

"Hujasema kitu."

"Basi nyamaza na wewe kidogo," akasema, akanishika mkono, "mpaka watuite."

Nikanyamaza.